Siku Kumi na Moja

Nafundisha hesabu darasa la sita na la saba, na wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja: sikubali jibu lisilo na njia. Mtoto akiniletea jibu sahihi bila kuonyesha njia, namrudisha kwenye dawati. Ofisini wenzangu wananiita mkali, na nikiwa sipo nadhani wananiita kwa jina baya zaidi. Wala siwalaumu. Nilikuwa hivi tangu nikiwa msichana nyumbani kwetu Didia, na ukali huu huu wa hesabu niliwahi kuutumia kwa mwanamke ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Mwanamke huyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Aliolewa kwetu nikiwa kidato cha tatu, tukazoeana haraka. Alikuwa mpole, mwenye utani wa chini chini, na alikuwa mtu pekee pale nyumbani aliyenicheka usoni nilipojidai. Kaka akiwa hayupo tulilala chumba kimoja, na kaka alikuwa hayupo karibu mwaka mzima, kwa sababu alikuwa machimboni Rwamgasa. Yeye na wenzake watano walikuwa na duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu kule, na mtu mwenye sehemu yake kwenye duara haondoki hovyo. Ukiondoka leo na duara likatema dhahabu kesho, utakachokikuta ni hadithi tu. Kwa hiyo alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, tatu ikizidi sana, na kila alipokuja wote tulijua siku aliyofika na siku aliyoondoka.

Kwetu mke wa mchimbaji akipata ujauzito, hesabu yake ni moja tu. Inaanzia siku mume alipotua begi ndani. Mama na wenzake, akina mama wenye vijana machimboni, walikuwa wakihesabiana wakwe zao wakiwa kisimani au wakipalilia mpunga. Wa kwangu anaingia mwezi wa tano, wa kwako je? Yalikuwa maongezi ya kawaida, yenye vicheko, na mimi nilikua nikiyasikia nikadhani ndivyo dunia nzima inavyohesabu.

Mwaka ule kaka alikuja Jumamosi moja mwanzoni mwa mvua. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miezi mitano. Alikaa siku tisa, akatusaidia kutengeneza majaruba ya mpunga, akala michembe, viazi vitamu vikavu vya kwetu, mpaka mama akafurahi, na Jumatatu ya wiki ya pili akapanda basi akarudi Rwamgasa. Mwezi ulipopita wifi hakusema kitu, na wa pili pia hakusema, kwa sababu kwetu mimba changa haitangazwi. Lakini nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Nilimwona anavyotoka mbio asubuhi, na anavyoikimbia harufu ya dagaa.

Miezi mitatu hivi ilipotimia akaenda kliniki. Zahanati zetu zinataka mjamzito afike na mumewe mara ya kwanza, na mume akiwa mbali mke anabeba barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Wifi aliandikiwa barua hiyo, ikasema mume wake yuko machimboni, ikagongwa muhuri. Akaondoka asubuhi, akarudi saa nane mchana na kadi mkononi, amechangamka kuliko nilivyomwona wakati wowote. Mama alikuwa amekaa nje anachambua choroko. Akaipokea kadi, akaigeuza geuza, akanipa mimi.

"Soma," akaniambia kwa Kisukuma. Mama hakusoma shule.

Nikasoma kwa sauti. Uzito, kimo, damu, yote. Nikafika panapoandikwa umri wa mimba: wiki kumi na nne.

"Wiki kumi na nne ni tangu lini?" mama akauliza.

Lo, swali la kunipa mimi hilo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi, na hesabu ndilo somo pekee nililokuwa na hakika nalo. Nikaingia ndani nikaitungua kalenda ya kanisa ukutani, nikaja nayo nje, nikaiweka mapajani na kuanza kurudi nyuma wiki moja moja kwa ncha ya kalamu. Nilirudia mara mbili ili nisikosee. Sikukosea. Wiki kumi na nne ziliangukia siku ya Jumanne, na kaka alifika Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Siku kumi na moja," nikasema. "Mimba imemtangulia kaka kwa siku kumi na moja."

Nilisema hivyo kama mtu anayesoma jibu ubaoni. Sikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ubaya wote ule nilioufanya niliufanya bila hata kumchukia mtu. Nilifurahi tu kwamba nimepata jibu. Nilipoinua uso nikaona mama ameacha choroko, na wifi amesimama vilevile, mkono bado ameunyosha kana kwamba anangoja kurudishiwa kadi.

"Si hivyo, wifi," akasema. "Nesi amenieleza. Wao wanaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hawaanzii siku ya mimba yenyewe."

Nikacheka. Nataka niandike hili wazi, kwa sababu nimelisimulia mara mbili tatu kwa watu na kila mara nimeliruka. Nilicheka, nikasema, "Wifi, kitu kihesabiwe umri kabla hakijakuwepo? Basi na mimi nihesabiwe miaka tangu mama yangu hajaolewa."

Mama hakucheka. Aliichukua kadi mkononi mwangu, akaingia nayo chumbani kwake, tukasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa.

Jioni ile, jua halijazama, mama alinipa simu nimpigie kaka. Nilishika simu mimi, mama akasema. Nyuma ya sauti ya kaka kulikuwa na ngurumo ya karasha, mashine ya kusaga mawe, kwa hiyo mama ilimbidi aseme kwa nguvu, na wifi alikuwa jikoni hatua kumi kutoka pale. Kaka akamjibu mama yetu, "Nimesikia, mayu." Akakata, na baada ya hapo hakumpigia mkewe simu kwa wiki tatu.

Baba mdogo akaitwa. Yeye ni mtu wa haki, na kwa haki yake akakataa wifi kufukuzwa kwa maneno ya karatasi. Alisema karatasi imeandikwa na mtu, na mtu anaweza kukosea, ila mtoto hakosei. Tungoje. Mimba ni miezi tisa. Mtoto akizaliwa miezi tisa ya mwanetu ikiwa imetimia, ni wa kwetu na maneno yaishe. Akizaliwa haijatimia, mama yake atamchukua amrudishe alikomtoa. Wote waliokuwepo waliona amesema vizuri, na mimi nikiwemo. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja upande. Akaulizwa kama amesikia, akajibu amesikia.

Usiku tukilala hakunisemesha, na haikunipendeza. Nilikuwa nimemzoea. Kama nilimwamini au sikumwamini, sijui mpaka leo; nadhani nilikuwa nimegawanyika katikati. Kilichonisumbua kilikuwa ile hesabu kukataa kulingana, na mimi hesabu ikikataa huwa situlii mpaka niilazimishe. Baada ya siku kadhaa nikapata njia. Nilimfuata bustanini akichuma majani ya kunde.

"Nesi alikosea kuandika," nikamwambia. "Basi anza kadi nyingine. Nenda ile zahanati ya kata ya pili, kule hawakujui. Ukiulizwa siku zako za mwisho, taja Jumatatu aliyoondoka kaka."

Akaniangalia. "Jumatatu ile nilikuwa tayari ninayo mimba, wifi."

"Mama anataka tarehe," nikasema. "Mpe tarehe."

Niliona nimemsaidia. Nilijiona hata nina akili. Kwa kuwa kadi ya kwanza ilikuwa kwenye sanduku la mama, wifi aliomba barua nyingine kwa mwenyekiti, akaenda zahanati ya kata ya pili, akasema ile ya mwanzo imelowa mvua. Akataja Jumatatu niliyompa. Nesi akahesabu mbele yake, akaongeza siku saba, akaongeza miezi tisa, akaandika tarehe ya kutazamiwa kujifungua. Nilimsomea mama kadi mpya jioni yake, nikamwambia nesi wa kwanza alikosea. Nikarudi nyuma kwenye kalenda kwa kalamu ile ile, na safari hii hesabu ikaingia ndani ya siku tisa za kaka bila shida. Mama akatingisha kichwa polepole, akasema tutaona.

Kati ya Jumanne ya kweli na Jumatatu ya uongo kulikuwa na siku ishirini. Sikuzitilia maanani. Wiki tatu kasoro siku moja, ni nini katika miezi tisa?

Mwili wake haukuijua kadi. Kila alipokwenda kliniki nesi alimlaza, akapima tumbo kwa utepe kutoka chini kwenda juu, na kila mara kimo cha mimba kilizidi wiki zilizoandikwa. Nesi alimuuliza kama ana hakika na tarehe zake. Wifi akasema anayo. Nesi akasema basi labda ni mapacha, au mtoto ni mkubwa, akamwandikia aende mjini apige picha ya altrasaundi. Wifi aliniletea ile karatasi nikaisoma, na tukaelewana pasipo kuambiana kwamba hatakwenda. Alikuwa anaogopa mashine itamsemea. Na mimi niliogopa pia, maana mashine ingenisemea na mimi.

Miezi ya mwisho nilimwona mwanamke akifanya jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya. Wajawazito wote ninaowajua, wakifika mwezi wa tisa wanaomba siku iwahi. Wamechoka, miguu imevimba, wanataka kuutua mzigo. Wifi aliomba siku ichelewe, mtoto asije akazaliwa miezi tisa ya baba mdogo haijatimia. Aliacha kubeba maji. Aliacha kuinama kupiga deki. Aliambiwa na mtu kwamba chai ya tangawizi inaleta uchungu, akaiacha, na kutembea nako akakupunguza mpaka mama akaanza kumwona mvivu. Mchana mmoja nilimkuta kivulini anachagua mchele, ameweka mkono mmoja juu ya tumbo, anaongea. Nilidhani anaimba. Nikasogea nikasikia anamwambia mtoto, "Tulia, baba. Tulia kidogo tena."

Mtoto akatulia.

Siku moja, tarehe ya kadi ikiwa bado siku sita, aliniambia tukiwa tunaanua nguo, "Wifi, kwa siku zangu mwenyewe nimepitiliza wiki mbili sasa."

"Kadi inasema bado siku sita," nikamjibu.

Akakunja kanga aliyokuwa ameishika, akaiweka kwenye beseni. Sikumwambia twende. Ningemwambia twende hospitali, tuseme tarehe ya kweli, mengine tutayajua mbele, huenda ningekuwa naandika habari nyingine leo. Nilikuwa najua tarehe zote mbili. Watu waliozijua zote mbili duniani tulikuwa wawili, na mmoja wetu hakuwa na ruhusa ya kusema. Mwenye ruhusa nilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi akasema mtoto hachezi. Tulipanda bodaboda mpaka zahanati, nesi akaweka kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni na sikio lake juu yake, akasikiliza upande huu, akahamia upande ule, akarudi wa kwanza. Akampigia mtu simu, gari likaja, tukapelekwa hospitali, na mama akatufuata. Walimwanzishia uchungu. Mtoto alizaliwa kesho yake saa tisa mchana, wa kiume, ameshafariki, siku nne kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Nilimwona. Alikuwa mkubwa, mrefu, nywele nyingi. Ngozi yake ilikuwa kavu, inabanduka viganjani na nyayoni, na kucha zake zilikuwa zimepita ncha za vidole, kucha ndefu za mtu aliyesahau kuzikata. Wakati ule sikujua zinaeleza nini. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, alimtazama mtoto, akaitazama kadi, akaniuliza mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimeishika.

"Hizi tarehe mna hakika nazo?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Ndiyo."

Akauliza tena, taratibu, kama ninavyomuuliza mwanafunzi ninayejua ameiba jibu. Nikasema ndiyo, tuna hakika nazo.

Kwetu mtoto wa namna ile huzikwa na akina mama peke yao, bila matanga. Mama ndiye aliyemfunga kwenye kitenge. Kabla ya kumfunga alihesabu kwa vidole, miezi yake, na hata kwa kuanzia siku kaka alipoondoka akafika tisa, akaanza kulia. "Imetimia," akasema. "Ni wa kwetu. Ni mjukuu wangu." Akaenda akakaa karibu na wifi kitandani, akamshika kichwa, akamwita mwanangu mbele ya watu wote wa wodi ile. Kaka alifika siku ya tatu kutoka Rwamgasa. Alimwomba mkewe radhi kwa miezi aliyomtilia shaka. Baada ya muda akamchukua wakaenda kuishi wote kule kule machimboni, na hakuna aliyemgusia tena wifi habari ya siku kumi na moja. Jina lake lilisafika. Lilisafishwa na maiti ya mtoto wake, kwa sababu alifia kwenye tarehe inayokubalika.

Na mimi matokeo yangu yalikuwa yametoka katikati ya hayo yote. Hesabu nilipata alama ya juu kabisa.

Miaka ilipita. Nilisoma ualimu, nikapangiwa Kahama, nikapata nyumba ya kupanga Nyahanga, na baadaye sana nikaolewa kanisani, mimi na mwenzangu tukiwa tumesubiriana mpaka siku ile, jambo ambalo wenzangu ofisini walilicheka walivyotaka. Miezi miwili na kidogo baada ya harusi nilikwenda kliniki na mume wangu. Nesi alikuwa binti mdogo kwangu. Aliniuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nikamtajia, akachukua kidubwasha cha karatasi ngumu cha mviringo, akakizungusha, akasema, "Mwalimu, una wiki kumi na mbili."

Kichwa changu kikafanya kazi yake. Wiki kumi na mbili kurudi nyuma ziliangukia wiki mbili kabla ya harusi.

"Umekosea," nikamwambia. "Haiwezekani. Wiki kumi na mbili mimi nilikuwa bado kwa dada yangu, nashonewa gauni."

Mume wangu akainama kuangalia viatu vyake. Nesi akacheka kwa adabu. "Mwalimu, mimba yenyewe ina wiki kumi. Hizi mbili za mwanzo tunawahesabia akina mama wote. Siku ya kushika mimba hakuna anayeiona, lakini siku ya hedhi mtu anaiona, kwa hiyo tunaanzia hapo. Tunaongeza kama wiki mbili za bure."

Alikuwa ameshalisema kwa wengi, ilionekana. Akaendelea kwamba hata hivyo ni makadirio tu, wengine mzunguko wao mrefu, wengine mfupi, wengine wamesahau tarehe, na kipimo cha altrasaundi kikipigwa mapema, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ndicho kinachokaribia ukweli; kikipigwa mwezi wa nane kinaweza kupotea wiki mbili hata tatu. Tarehe anayoniandikia nisiikariri kama siku ya mtihani, watoto wachache sana huzaliwa siku yenyewe. Kinachotakiwa ni mama aseme kweli, wao wajue lini kuanza kuwa na wasiwasi. "Akizidisha wiki mbili baada ya tarehe hatumwachi," akasema. "Kondo linachoka. Mtoto anabaki ndani lakini halishwi. Ukimwona amezaliwa ngozi inabanduka na kucha ndefu, ujue amekaa kupita siku zake."

Nikaomba maji. Mume wangu alidhani ni kichefuchefu cha mimba, akatoka kununua. Nilikaa kwenye lile benchi na nikahesabu tena, bila kalenda, kwa sababu tarehe zile sijawahi kuzisahau. Jumanne. Wiki mbili mbele, Jumanne nyingine: siku ya tatu tangu kaka afike. Mtoto alikuwa wa kaka toka siku ya kwanza. Njia ilikuwa mbele yangu wazi, na mwanamke aliniambia njia hiyo kwa mdomo wake, nikamcheka.

Likizo ilipoanza nilikwenda Rwamgasa. Mume wangu hakutaka nisafiri, nikamwambia ni lazima. Wifi ana mgahawa wa mabati mitaa michache kutoka kwenye makarasha, anawapikia wachimbaji. Ana mabinti wawili sasa. Amenenepa kidogo, na amejifunza kusema kwa sauti kubwa kama watu wa kule. Alinikumbatia, akanigusa tumbo, akacheka. "Hata wewe, wifi."

Nilimngoja mpaka wateja wa mchana walipopungua. Akawa anakosha sahani, mimi nafuta. Nikamwambia nilichoambiwa kliniki. Niliongea haraka na vibaya, nikarudi nyuma, nikalia, nikamwambia kwamba alikuwa sahihi na nilimuulia mtoto wake kwa kalamu. Hakuacha kukosha sahani.

"Nilijua, wifi," akasema. "Nesi wa kwanza alinieleza vizuri. Na wewe nilikueleza."

"Nataka nimwambie kaka. Na mama. Nataka wajue hukuwa na kosa lolote, ni mimi."

Hapo ndipo alipoacha sahani. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaniangalia kwa macho yale yale ya bustanini.

"Utamwambia nini? Kwamba ile kadi ya pili ilikuwa ya uongo?"

"Ndiyo."

"Kaka yako anajua mtoto ni wake kwa sababu ya kadi hiyo. Mama anajua kwa sababu ya kadi hiyo. Ukiwaambia ni ya uongo, wataitafuta ya kwanza, wataanza kuhesabu upya. Watakumbuka siku kumi na moja. Hayo ya hedhi na wiki mbili za bure, wewe msomi yamekuchukua miaka mingapi?" Hakusema kwa ukali. "Mimi nina watoto wawili na nyumba. Yule ameshapumzika. Niachie."

Nilikuwa nimesafiri na msamaha wangu tumboni pamoja na mimba yangu, nikidhani nikifika nitautua na kuondoka mwepesi. Kumbe hata kuungama kwangu kungemwangukia yeye.

Kaka akaingia kula, mavumbi mpaka kwenye kope. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika kwa furaha, akavuta kiti, akaona tumbo langu.

"Unatazamia lini?"

Nikamtajia mwezi. Wifi akamwekea ugali na samaki, akarudi kwenye sahani zake. Kaka akanawa, akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Usiharakishe," akaniambia. "Ukifika mwezi wa tisa usihangaike hangaike, usipande pikipiki. Yule wetu aliwahi, unajua. Kwenye kadi zilikuwa zimebaki siku nne. Mimi huwa nafikiri, wangemwacha tu akatimiza siku zake nne, angekuwa anaenda shule sasa."

Nyuma yangu nilisikia sahani zimenyamaza. Kaka alikuwa ananitazama, anangoja nimjibu, mimi mwalimu, mtu wa hesabu wa familia.

"Labda, kaka," nikasema.